Mezani kwa Wasiosemezana

Vällingby, Stockholm
15 Februari 1976

Mume wangu Deo,

Kaa chini kwanza kabla hujasoma. Umekaa? Haya. Jana nimewapikia watu wa kambini kwako! Si jamaa zao, si watu wanaofanana nao. Wao wenyewe!

Ngoja nianze vizuri. Alhamisi nilirudi kutoka hospitalini nikiwa hoi. Siku nzima nimesimama chumba cha upasuaji nikiwapa madaktari visu na mikasi, na mwalimu wetu ananisahihisha Kiswidi mbele ya mgonjwa aliyelazwa kwa dawa, kana kwamba naye atanicheka. Nafika nyumbani, Wilkister ameshika simu, macho yamemtoka. (Wilkister ni yule Mkenya wa Kisumu ninayekaa naye, anayesomea mambo ya maabara.) "Ni ubalozi wenu," akaninong'oneza. "Mmefanya nini?"

Alikuwa Bwana Mashauri, ofisa wa ubalozi wetu. Akasema wamefika wajumbe wawili wa wapigania uhuru wa Rhodesia, kila mmoja wa chama chake, wamekuja kuwaomba Waswidi dawa, mahema na malori. Na hawali. Chakula cha hotelini kimewashinda, hasa yule samaki wao wa siki na sukari. "Dada Leokadia," akasema, "serikali si imempeleka mumeo huko huko kambini kwao, Msumbiji, kuwatibu? Basi hawa ni wageni wako."

Nilikubali kabla hajamaliza. Ndipo akaongeza: "Lakini mmoja aje saa saba mchana, mwingine saa moja jioni. Wasikutane hata mlangoni." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Deo, si uliniandikia kwamba vyama vile viliungana? Jeshi moja, kambi moja, adui mmoja? Ulikuwa na furaha mpaka ulichora bendera pembeni ya barua.

Mchana akaja Komredi Sibanda, mtu mzima, sauti nzito, koti la kuazima linaburura theluji. Kiswahili alikipata Tanzania alipokuwa mafunzoni: "Mama, mimi nashukuru wewe mpaka naishiwa." Unga wa mahindi hapa haupatikani, ugali nausonga kwa semolina, unga wao wa ngano. Akaugusa kwa kidole, akautazama, akala mpaka sinia likawa jeupe. Jioni akaja Komredi Tichaona, mwembamba, ana miwani, zamani alikuwa mwalimu. Alikula amesimama dirishani mpaka nilipomwambia nyumba hii ina viti. Na wote wawili, walipoingia tu, waliuliza swali moja: "Yule mwingine amefika hapa?"

Sikuwaambia mimi ni mke wa nani. Nataka kwanza nisikie wanakusemaje wasipojua.

Niambie, kuna nini kati yao? Andika upesi, udadisi unaniwasha.

Mkeo,
Leokadia

*

Kambini, Msumbiji
6 Machi 1976

Kadia mke wangu,

Umepika ugali wa semolina ukamlisha Sibanda! Nimewasomea wagonjwa barua yako, wodi nzima ikapiga makofi.

Nasi huku tuna habari kubwa kuliko ya kwako, usikasirike. Jumatano serikali ya Msumbiji imefunga mpaka na Rhodesia. Imefungwa! Reli, barabara, kila kitu. Kambi nzima iliimba mpaka sauti zikakauka. Mama mmoja wa kijijini alinishika mikono akaanza kunizungusha kwenye dansi, nami unajua miguu yangu. Watu wanasema sasa vita haviwezi kuchukua miaka.

Umeuliza habari za wale wawili. Hapa tunawaita wa Juu na wa Chini. Wenzake Tichaona wamepiga mahema juu kilimani, wenzake Sibanda wako bondeni karibu na mto, na hospitali yangu iko katikati, kwenye mteremko, pamoja na nyumba za wanakijiji. Ni kweli wamenuniana kidogo. Ni mambo ya vyeo na ya jikoni: nani mkubwa, nani apokee malori, nani kapewa nyama nyingi. Watapatana. Watu waliokula taabu pamoja miaka yote hii hawawezi kushindwa na nyama.

Wala usiwe na hofu juu yangu. Mpaka uko mbali na hapa, tunausikia redioni tu. Siku hizi nalala hospitalini, ili niwe karibu na wagonjwa. Nisamehe mwandiko, meza yangu imevunjika mguu.

Vaa soksi mbili.

Wako,
Deusdedit

*

Vällingby
24 Machi 1976

Deo,

Meza imevunjika mguu!

Sijui kama naandika kwa hasira au kwa furaha kwamba uko hai. Barua yako imefika Ijumaa. Bahati mbaya yako, ukweli umefika Jumamosi.

Wajumbe walikuwa wamepelekwa Oslo na Helsinki, wakarudi wiki iliyopita. Jumamosi jioni Tichaona amekuja kula. Nipo jikoni nakaanga samaki, nikamsikia sebuleni anasema kwa sauti kubwa, "Huyu ni Dokta Deo!" Nikatoka. Amesimama mbele ya picha yetu ya harusi.

"Ni mume wangu," nikasema.

Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena. "Mama," akasema, "mkono wake umepona?"

"Mkono gani?"

Samaki waliungua, Deo. Wilkister ndiye aliyekwenda kuzima jiko. Mimi nilikaa chini nikamwambia Tichaona, "Kaa hapa, uniambie yote, na usinipunguzie hata neno."

Akaniambia. Mwishoni mwa Februari, kama alivyoandikiwa na wenzake, wa Juu na wa Chini walipigana risasi kwenye ghala la mahindi. Wewe ulitoka hospitalini umeshika shuka jeupe, ukaenda katikati yao kubeba majeruhi, na risasi ikakupata mkono wa kulia.

"Risasi ya nani?" nikamwuliza.

"Hatujui. Sisi tunasema yao, wao wanasema yetu."

Nikamwambia unasema mpaka uko mbali. Akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonikata. "Mama, ukisimama kwa walinzi wetu unaona moshi wa mashamba ya walowezi. Ndege zao zimepita juu yetu mara mbili."

Zamani, akasema, walinzi wa Juu wakiona ndege waligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, bonde lote likasikia. Na wa Chini, wenye redio, wakavijulisha vijiji. Tangu siku ya ghala, wa Juu hawagongi tena. Wanapigiana filimbi wao kwa wao. Na wa Chini wanachokisikia redioni wanakaa nacho.

"Na hospitali?" nikauliza. "Hospitali inaambiwa na nani?"

Akasema, "Hospitali iko upande wao."

Jumapili mchana nikamwuliza Sibanda swali lile lile. Unajua alinijibu nini? "Hospitali iko upande wao."

Kwa hiyo wewe, na wagonjwa wako, na yule mama aliyekuzungusha kwenye dansi, hamko upande wa mtu yeyote. Ndege ikija mtaijua ikiwa juu ya bati.

Kwa nini ulinificha? Mimi si mtoto. Kila siku naona watu wamefunguliwa tumbo nami nahesabu pamba. Ulidhani nitazimia kwa habari ya mkono?

Siwezi kukaa hivi. Nimewaalika wote wawili Jumamosi. Saa saba. Pamoja. Hakuna anayejua kwamba mwenzake anakuja, wala Bwana Mashauri hajui. Wilkister anasema nina wazimu, na amejitolea kunisaidia.

Leokadia

*

Vällingby
28 Machi 1976

Deo, Deo, Deo,

Nimefanya! Sijui kama nilale au nipande juu ya jengo nipige vigelegele Vällingby nzima isikie.

Wilkister nilimweka nje ya stesheni. Treni ikaja, Sibanda akatoka behewa la mbele, Tichaona la nyuma. Wakaonana pale uwanjani, katikati ya watu na vikapu vyao vya Jumamosi, na kila mmoja akasimama kama aliyekanyaga nyoka. Sibanda akageuka kurudi. Wilkister akamdaka mkono wa koti. "Mzee," akamwambia, "mimi nimetumwa watu wawili. Nikifika na mmoja huyo Mtanzania ataniua." Akaja nao hivyo, mmoja kushoto, mmoja kulia, yeye katikati anaongea habari za hali ya hewa peke yake.

Nilikuwa nimepakua sinia moja. Nikawaambia, "Sinia ni hilo. Asiyetaka kula na mwenzake, hotelini kuna samaki wa sukari."

Wakanawa. Wakala. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kila mtu alikula upande wake mpaka ukabaki ukuta mwembamba wa ugali katikati, na hakuna aliyethubutu kuugusa. Ndipo nikavuta kiti, nikakaa.

"Ndege zikija kesho," nikasema, "mume wangu ataambiwa na nani?"

Tichaona akakohoa. "Mama, jambo hilo limo katika mazungumzo yetu na Waswidi. Linaingia kwenye uongozi wa pamoja wa jeshi..."

"Nimeuliza ataambiwa na nani."

Sibanda akasema, "Tukiwapa tunachosikia, watajua redio yetu inasikia nini."

"Na sisi tukigonga reli," akasema Tichaona, "watajua walinzi wetu wamekaa wapi."

Wilkister, amesimama mlangoni na birika, akauliza, "Kwani nyinyi mna maadui wangapi?"

Kisha Sibanda, huku anatazama mikono yake, akasema taratibu: "Mtoto wa dada yangu alipigwa siku ile. Daktari alimtoa risasi kwa mkono mmoja. Ule mwingine ameufunga shati."

"Na watu wetu wawili aliwabeba mgongoni," akasema Tichaona.

"Mmoja wao ndiye aliyempiga mtoto wa dada yangu."

"Mtoto wa dada yako ndiye aliyeanza kufyatua!"

Tichaona alikuwa amekwisha simama. Sibanda naye akasimama, kiti kikaanguka. Na mimi, Deo, niliyepanga maneno yangu wiki nzima, kwa adabu, kwa vifungu, nilipiga meza nikaanza kulia. Nililia kwa sauti kama msibani.

"Sitaki kujua nani alianza!" nikawaambia. "Mkitaka kugombana gombaneni mpaka uhuru na baada ya uhuru. Sitaki uongozi wa pamoja, sitaki malori yenu. Mgonjwa asiyeweza kutembea anahitaji muda wa kubebwa. Muda huo tu! Reli igongwe, na kila mtu aisikie. Mnaninyima hilo kwa sababu ya ghala la mahindi?"

Wakasimama tu, watu wazima wawili, na mimi kamasi zinanitoka. Wilkister akaweka birika chini akanipa kitambaa cha vyombo.

Sibanda akainua kiti chake. Akakaa. "Reli ile ile?" akauliza. Hakuniuliza mimi.

Tichaona akasogeza miwani. "Ile ile. Igongwe bila kukoma, isiwe na alama ya siri."

"Basi na sisi tutavijulisha vijiji. Na hospitali."

"Hospitali kwanza," nikasema.

"Hospitali kwanza, Mama."

Hawakupeana mikono. Lakini niliwavalisha makoti yao papo hapo kabla hawajajifikiria, tukapanda treni hadi mjini, ofisi ya simu za maandishi. Kila mmoja akawaandikia wakubwa wake wa kambini, maneno yale yale. Dada wa pale dirishani akauliza kama hawa mabwana wako pamoja. Sibanda akasema hapana. Tichaona akasema hapana. Mimi nikasema ndiyo, kwa Kiswidi, na nikapata risiti.

Bwana Mashauri amenisemesha kidogo, lakini hilo si kitu.

Mkeo anayekupenda na ambaye bado amekasirika,
Leokadia

*

Kambini
2 Aprili 1976

Kadia wangu,

Barua fupi, dereva ananisubiri. Kuna mambo ya ajabu hapa na siyaelewi hata moja!

Jumatatu ziliingia simu mbili kutoka Stockholm. Mkubwa wa wa Juu akaisoma ya kwake, akaichana. Mkubwa wa wa Chini akaitia ya kwake mfukoni, akaenda zake kuoga mtoni. Nikadhani yamekwisha. Jumanne asubuhi nafunga mtu bandeji, mara nikasikia reli inagongwa huko kilimani, sauti ambayo hatujaisikia tangu Februari. Watu wakakimbilia mahandakini. Hakuna ndege. Walinzi walikuwa wanajaribu tu kama bado inasikika! Wakubwa wao wakawaadhibu, wanabeba maji wiki nzima.

Na jana kaja mtu wa redio wa wa Chini, amepanda mteremko peke yake, hana bunduki. Anauliza nina wagonjwa wangapi wasioweza kutembea, na njia ipi ya kuwabebea ni fupi. Nikamwambia, "Nani amekutuma?" Akajibu, "Mke wako, Dokta."

Nikacheka mpaka nikaegemea ukuta. Yeye hakucheka. Alikuwa anapima machela kwa kamba.

Kadia, umefanya nini?

Deo

*

Kambini
21 Aprili 1976

Mke wangu Leokadia,

Barua zako mbili zimenifikia pamoja, siku tano zilizopita, na nilizisomea chini ya mti kwa sababu hospitali haipo tena. Nitakueleza yote. Sitakuficha tena.

Walikuja Jumatano kabla ya Pasaka, asubuhi, uji ukiwa bado jikoni. Nilikuwa nanawa. Reli ikalia. Mwanzoni nilisema moyoni, wanajaribu tena hawa. Lakini haikukoma. Iligongwa na kugongwa, kwa nguvu, bila mpango, na nikajua kwa namna mtu alivyokuwa anagonga kwamba ameziona.

Hapo nilishuhudia jambo nisilolitegemea katika maisha yangu. Wa Chini walipanda mteremko mbio, wa Juu wakashuka, wakakutana wodini kwangu, mahali ambapo miezi miwili hii hakuna aliyekuwa anakanyaga bila kuangalia nyuma. Hakuna aliyepewa amri. Mmoja alishika machela huku, mwingine kule. Nilimsikia mmoja anasema, "Inua wewe, mbona umelala!" na mwenzake akamjibu, "Nimeinua, kichwa chako ndicho kizito!" Kadia, walikuwa wanatukanana kama ndugu! Yule mtu wa redio alikuwa anapiga kelele kwenye chombo chake kwa Kireno kibovu, akiwaambia wanakijiji wakimbilie mtoni.

Mgonjwa wa mwisho tulimteremsha handakini, ndege zikafika. Sitakueleza habari za mlio wake. Tulipotoka, hospitali ilikuwa majivu na mabati yaliyokunjamana. Vitanda vyote vilikuwa vitupu. Vyote! Nilisimama pale nikawa nacheka na kulia.

Kisha reli ikawa kimya, ndipo tukakumbuka kupanda kumtazama aliyekuwa anaigonga. Jina lake Farai, mtu mzima, ana mvi, alikuwa mwashi kwao. Wenzake walimwita ashuke, akasema bado kuna watu anawaona wanatembea bondeni. Amekufa. Na bibi mmoja wa kijijini naye, alirudi nyumbani kuchukua blanketi. Hao wawili. Mtu wa redio anasema bila ile reli tungekuwa tunachimba makaburi mpaka sasa.

Tulimzika Farai siku ile ile. Wa Chini walikuja. Walisimama mbali kidogo, wamevua kofia, na mkubwa wao, yule aliyeitia simu mfukoni, akashika koleo.

Ningependa kuishia hapo. Lakini nimekuahidi ukweli. Juzi imekuja amri kutoka kwa viongozi wao: jeshi la pamoja limevunjika, wa Chini wahamie kwingine. Walipokuwa wanapakia walianza kugombania mahema, wakashikana mashati, watu wale wale waliobeba machela pamoja. Nilitaka kuwatukana wote. Malori yakaondoka jana. Sasa kila chama kitalinda upande wake wa mpaka, na katikati yao kuna vijiji ambavyo sijui nani atavilinda. Mtu wa redio alinipungia mkono mpaka kona.

Na sasa mkono wangu. Ulisema hutazimia. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji. Nimejaribu mazoezi, maji ya moto, mafuta. Tangu Machi sijaweza kushika kisu cha upasuaji sawasawa. Mtoto wa dada yake Sibanda alikuwa wa mwisho. Hicho ndicho nilichokuwa nakuficha, zaidi ya mpaka, zaidi ya ndege. Wewe uko huko unajifunza upasuaji ili tufanye kazi pamoja, na mimi nimekuwa daktari wa kugawa vidonge. Niliona haya.

Wewe umeokoa watu hapa, Kadia. Wanalijua jina lako. Mimi sijui bado nina kazi gani hapa.

Deusdedit

*

Vällingby
16 Mei 1976

Mume wangu mpenzi,

Barua hii anakuletea Komredi Tichaona mkononi. Ndege yake ni kesho. Mpe uji, maana amekonda.

Nimeisoma ya kwako nimesimama stesheni, treni tatu zikanipita. Nimemlilia Farai, mtu ambaye sikumjua. Nimemlilia bibi wa blanketi. Halafu nikafika pale kwenye vitanda vitupu nikapiga yowe, mzee mmoja wa Kiswidi akaniuliza kama niitiwe polisi. Nikamkumbatia. Sidhani kama mtu amewahi kumkumbatia stesheni.

Mazungumzo ya hapa yamevunjika, kama mlivyosikia huko. Waswidi watatoa dawa kwa kila chama peke yake. Siku Sibanda anaondoka alikuja kuaga, akamkuta Tichaona yupo sebuleni. Wakasimama. Sibanda akamwambia, "Nimesikia habari za mlinzi wenu." Tichaona akasema, "Alikuwa mjomba wangu." Sibanda akavua kofia, akakaa naye mpaka chai ikapoa. Sijui inatosha kitu gani, Deo. Nakueleza nilichokiona.

Nami nilikuficha jambo moja, tuwe sawa. Nilikuambia Bwana Mashauri alinisemesha kidogo. Si kidogo. Alisema nimeingilia mambo ya nchi tatu, na barua ya kunirudisha nyumbani kabla sijamaliza mafunzo imekwisha chapwa, bado sahihi tu. Wiki sita nimekwenda darasani sijui kama ni siku yangu ya mwisho. Jumatano nimempelekea habari za shambulio. Akasoma, akaenda kusimama dirishani. Kisha akaniuliza, "Dada Leokadia, unataka nini?"

Nikamwambia. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia niulize tena nikuoneshe.

Basi sikiliza. Mkono wako sijauona na sitakudanganya kwamba utapona. Lakini nani alikuambia kwamba daktari ni vidole vya kulia? Wewe unajua pa kukata. Mimi nimesimama miezi tisa karibu na watu wanaokata, na wiki iliyopita profesa amenipa sindano akasema shona, nikashona kuanzia mwanzo hadi mwisho, na yule mwalimu wa Kiswidi hakupata cha kusahihisha. Wewe utasimama upande wangu, utaniambia hapa, si hapo. Utanifokea. Tutajifunza upya sote wawili. Vidonge atagawa mtu mwingine!

Mtihani wangu unamalizika tarehe 28. Wizara imekubali kunipangia kambini kwenu, Bwana Mashauri ametia sahihi kwa wino mwingi. Hospitali yetu ya hapa imetupatia vyombo vya upasuaji, masanduku manne. Wilkister ameyafunga kamba, analia na kutukana mafundo kwa Kijaluo.

Usijibu barua hii, hutanikuta. Jumatano tarehe 2 Juni, mchana, uwe uwanja wa ndege wa Beira. Uje na gari lenye nafasi, na watu wawili wa kubeba. Na unyoe ndevu.

Mkeo,
Leokadia